Imondo ya Hoteli Mizani

Hoteli Mizani ina kila kitu isipokuwa jiko. Ina ghorofa yake moja na roshani ya mbao inayozunguka kona yote. Ina ngazi inayolalamika kila unapokanyaga, utadhani inamsengenya anayepanda. Juu ya kaunta ina ile mizani ya zamani ya kupimia vumbi la dhahabu, na mlangoni ina kibao cha shaba kinachotangaza kwamba jengo hili ni urithi wa taifa, asilibomoe mtu. Lakini jiko, halikuwahi kuwemo. Chakula kilichoipa hoteli hii jina hapa Kakamega kilipitia kidirisha kilichokuwa ukutani, nyuma ya kaunta, na upande wa pili wa kidirisha hicho ndiko iliko bekari ya Mzee Isaiah Shikanga.

Nasema kilichokuwa, kwa sababu siku zile kidirisha kilikuwa kimezibwa kwa matofali. Kisa chake ni firigisi moja ya kuku, na mji mzima ulikijua kisa hicho isipokuwa mtu mmoja. Tutafika hapo.

Awinja aliirithi hoteli kwa marehemu mumewe, Sylvanus, na pamoja na hoteli akarithi masimulizi yake. Enzi zile wazungu walipofurika Kakamega wakichimbua kila kijito kutafuta dhahabu, mmoja wao, Bwana Ndevu, ndiye aliyejenga kwenye kona. Alikuwa ameshaunguza hoteli nyingine huko alikotoka, akaapa kwamba moto hautawashwa tena chini ya paa lake. Basi akamfuata Mgoa mmoja mwoka mikate aliyekuwa akijenga jirani yake, wakapatana wajenge ukuta mmoja kati yao na kuutoboa kidirisha. Mgoa apike, Ndevu auze. Wachimbaji wakawa wanakula, wanakunywa, wanapimiwa vumbi lao pale kaunta, na kutoka ukutani sahani zinakuja moja baada ya nyingine kama zinazaliwa.

Jumatatu moja asubuhi Willis, mwendesha boda boda asiyejua kunywa chai bila habari, aliingia kabla hata hajavua kofia yake.

"Mama, umeona jirani yako ameotesha nini?"

"Sukuma?"

"Vigingi. Vimepakwa rangi nyekundu. Kuna kijana wa Nairobi anaitwa Bravin ananunua bekari, anabomoa, anasimamisha plaza. Ghorofa tano, vioo mpaka chini."

"Ghorofa tano!" Nafula, mpishi, alitokeza kichwa kutoka uani alikokuwa akipulizia jiko la makaa tangu kidirisha kizibwe. "Na mzee mwenyewe kitanda tu anapandanga kwa kusaidiwa!"

Watu walicheka, wachache kama walivyokuwa. Awinja hakucheka. Alikuwa akiangalia juu, kwenye mihimili ya dari. Mwaka waliokarabati paa, fundi alimpandisha ngazi akamwonyesha: mihimili yote ya ghorofa ilikuwa imelalia ukuta ule mmoja, nao ukuta wenyewe ulikuwa upande wa bekari. "Huu ukitolewa, mama," fundi alisema, "hii hoteli inalala chini kama mlevi." Kibao cha shaba kiliilinda hoteli. Bekari hakikuitaja hata kwa herufi moja.

Sasa ile firigisi. Huku kwetu inaitwa imondo. Ni kipande kidogo kisichoshibisha hata mtoto, lakini kimevunja ndoa na kuhamisha watu makanisa. Jogoo akichinjwa, imondo ni ya baba mwenye nyumba, au ya mzee anayepewa heshima ya baba. Ukimpakulia mzee kuku bila imondo umeshamwambia, na mdomo hujafungua, kwamba hapa yeye si mtu.

Siku ya kupigilia kibao, Awinja alifanya sherehe. Nyumba ilijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Mgeni aliyeleta kibao alikuwa Jepchirchir, binti wa makumbusho, mtoto wa watu wa Nandi, mpole, mwenye miwani mikubwa. Mzee Shikanga alikuwa amechoma majogoo mwenyewe, akayapitisha kidirishani, kisha akavaa koti akaja kukaa meza ya mbele. Awinja akashika bakuli, akasita. Akajiambia, mzee ni wa nyumbani, ataelewa. Huyu ametoka mbali. Akaiweka imondo kwenye sahani ya binti.

Binti wa watu akakitazama kile kitu cheusi chenye mikunjo. Akakisogeza ukingoni. Alipodhani hakuna anayemwangalia, akakishusha chini ya meza, kwa Meneja.

Meneja ni paka wa hoteli.

Nyumba nzima iliona. Mzee Shikanga aliona vizuri kuliko wote, kwa sababu Meneja alikwenda kujilamba masharubu kando ya kiatu chake.

"Imondo ya jogoo niliyemchoma mimi," mzee alisema polepole, "katika tanuri la baba yangu, imeliwa na paka."

Akanawa mikono, akatoka. Kesho yake kidirisha kilikuwa matofali.

Awinja hakukaa kimya. Alimpelekea kuku mzima na imondo yake juu. Kuku akarudi hajaguswa. Alikwenda na mchungaji. Mchungaji akapewa chai, yeye akaangaliwa. Bila tanuri, mkate wa Mizani ukaisha, kuku wa kuchoma akaisha, na meza zikaanza kupungua watu. Mwanamke aliyezoea kusikia habari kumi kwa wakati mmoja akabaki anasikiliza saa ya ukutani. Na sasa vigingi.

Siku hiyohiyo alijifunga leso akaenda. Mzee alikuwa ameketi mlangoni pa bekari, miguu ameinyoosha juani.

"Mulembe, Mzee."

"Mulembe." Salamu aliipokea, kumnyima mtu salamu hakulelewa hivyo.

"Nimeona vigingi."

"Una macho mazuri."

"Mzee, ukuta huu ukienda, na mimi nimekwenda."

"Wewe uende wapi, na una kibao?"

Awinja akameza hilo. Akakaa kwenye ngazi, chini yake kidogo, bila kukaribishwa. "Huyo Bravin amekuahidi nini hata uuze jasho la baba yako?"

"Jina." Mzee alilitamka kama mtu anayeonja asali. "Shikanga Plaza. Herufi za kuwaka taa. Mtu akitoka stendi analisoma. Wewe kibao chako umekisoma?"

"Kila siku."

"Kasome tena. 'Ilisifika kwa mapishi yake.' Ya nani? Hoteli ilipika lini? Mgoa alirudi kwao, Ndevu akazikwa, baba yangu ndiye alibaki anaungua mpaka viwikoni, anasukuma sahani ukutani. Na wale waliokula upande wako, unajua walimwita nani? Mkono. 'Mkono umeleta mchuzi.' 'Mkono leo umechelewa.' Miaka yote ile, hakuna aliyeinama kuchungulia ule mkono umeota kwa nani."

Awinja akainuka, akakung'uta leso.

"Ijumaa analeta karatasi," mzee akasema. "Natia sahihi."

Awinja alirudi akasimama mbele ya kibao chake akakisoma neno kwa neno. Mji ulidhani ugomvi ni wa kipande cha nyama, na yeye pia alidhani hivyo. Kumbe kibao chenyewe kilikuwa imondo, na kilikuwa kimepakuliwa kwenye sahani isiyo yake. Akachukua simu akampigia Jepchirchir.

Binti alikuwa Kisumu kikazi, akafika Jumatano. Alisikiliza yote, akavua miwani akaifuta.

"Jengo la pili linaweza kuingizwa pamoja na hili," alisema, "na kibao kikaandikwa upya. Lakini mwenyewe lazima akubali, na historia yake aitoe yeye. Mimi simlazimishi mtu. Na Mama, nikuambie kweli, nimeshabisha mlango wa yule mzee kila nikipita huku. Akiniona anafunga. Sijui nilimkosea nini."

Willis akatazama kikombe chake. Nafula alishika meza, mabega yakaanza kumtikisika, kisha kicheko kikamtoka mpaka akakaa sakafuni.

"Hajui! Yesu wangu, kumbe hajui!"

Wakamwambia. Uso wa Jepchirchir ukapitia rangi zote.

"Nilimpa *paka*? Sasa kwa nini hakuna aliyeniambia?"

"Tungeanzaje?" Nafula alijifuta machozi. "'Karibu madam, umekula heshima ya mzee'?"

"Sikuila!"

"Ndiyo shida yenyewe."

"Kwetu pia nyama ina wenyewe," Jepchirchir alisema, amejishika kichwa. "Ningefanya hivyo nyumbani, babu angenifukuza na viatu vyangu. Niende nikamwombe msamaha sasa hivi."

"Msamaha nimeomba mimi mpaka umeniishia," Awinja alisema. "Nimempelekea kuku, nimempelekea mchungaji. Kila mara nilipika mimi, nikapakua mimi, nikampelekea kama mtu anayelipa faini." Wateja wake waliomjua waliona jicho lake la kushoto linabana, dalili kwamba jambo linaiva. "Hapa kwangu imondo inaweza kupotea njia. Kwa mkono wangu inaweza kupotea njia. Lakini mtu akichinja kuku nyumbani kwake mwenyewe, imondo itaenda wapi tena?"

Alhamisi aliamkia soko la Lubao. Alichagua jogoo mwekundu mwenye kiburi, akabishana na muuzaji mpaka wakawa marafiki, akarudi naye kifuani juu ya boda ya Willis. Adhuhuri, wateja wa chakula cha mchana walipofika, walimkuta amesimama mlangoni na jogoo mkononi.

"Leo hatupiki hapa. Kila mtu abebe kiti chake."

"Tunaenda wapi, Mama?"

"Jikoni kwangu."

Mtaa ulisimama kutazama. Mafundi wa viatu, wamama wa mboga, makarani wawili wenye tai, wote wamebeba viti vichwani wanapita chini ya roshani, na kwa kuwa mtu aliyebeba kiti hawezi kupita bila kuulizwa, kila mmoja aliyeuliza alijikuta na yeye anafuata. Walipofika mlango wa bekari walikuwa umati.

Mzee Shikanga aliinuka. "Hii ni nini?"

"Ni wageni wako," Awinja alisema.

"Sikuita mtu mimi."

"Hukuita. Wamekuja tu." Akapiga goti, akamnyooshea jogoo kwa mikono miwili, na sauti akaipandisha mpaka wa ng'ambo ya barabara wakasikia. "Mzee, hoteli yangu haina jiko. Haijawahi kuwa nalo. Tangu enzi za dhahabu mpaka uliponifungia, kila aliyesema amekula Mizani alikula kwenu. Nimekuja na watu wangu kwa mwenye jiko. Tupikie."

Mzee alimtazama jogoo. Akatazama nyuma yake, ndani, ambako wengine walikuwa wameshapanga viti na mama mmoja anafagia. Kumfukuza mgeni aliyekaa, jogoo yuko mlangoni, mbele ya mtaa mzima? Watu wangelisema hilo mpaka siku ya mazishi yake, na kwenye mazishi wangelisema kwa kipaza sauti.

"Hilo tanuri halijawaka tangu lini," alinung'unika. "Na kuni ziko wapi?"

Willis alikuwa ameshazishusha.

"Unga?"

"Huu hapa, Mzee," Nafula alisema. "Na hamira."

"Hamira ya dukani hiyo," mzee alisema kwa dharau, lakini mikono ya shati alikuwa ameshaikunja. "Wewe mwenye tai, hujui kushika kuni? Ingiza ile nene nyuma. Nyuma! Wewe Nafula, maji ya vuguvugu, si ya kuogea mtoto."

Moshi ulitoka juu ya bekari na watu wa stendi wakauona, wakaanza kuja. Mzee alikanda unga huku anafoka, na kadiri alivyofoka ndivyo mgongo wake ulivyozidi kunyooka. Unga ulipokuwa unaumuka akatoa kutoka kwenye boriti sepetu refu la mti la kutolea mikate, mpini umekuwa mweusi kwa kushikwa, akawaonyesha mahali Mgoa alipochonga jina lake, na chini yake mahali baba yake, asiyejua kuandika, alipochonga alama ya jembe. Akaonyesha ufa uliobaki tangu siku wachimbaji walipopigania kipande cha dhahabu kilichoangukia ndani ya mchuzi. Watu waliuliza, akajibu. Waliuliza tena, akasahau kwamba amekasirika.

Ghafla akageuka. Jepchirchir alikuwa amesimama pembeni, mikono imefungwa, kalamu iko mfukoni.

"Wewe si ndiye unaandikanga? Mbona huandiki?"

"Hujaniruhusu, Mzee."

Mzee akapangusa unga mikononi. "Andika. Andati. Baba yangu aliitwa Andati. Si Mkono."

Akaandika.

Jogoo alitoka tanurini ngozi inapasuka. Nafula alisonga obusuma, ugali wetu, kwenye sufuria kubwa, na Awinja akapakua. Sahani ya mzee aliileta mwisho, imondo iko juu, inang'aa kwa mafuta. Meneja alikuwa amefungiwa chumba cha juu cha hoteli, na kupitia ukutani alisikika akilia kwa uchungu.

Mzee alichukua kisu. Akaikata imondo katikati, nusu moja akaiweka kwenye sahani ya Jepchirchir. Wamama wakashikana mikono. Mwanamke na imondo, na tena kwa mkono wa mzee mwenyewe!

"Huyu alipewa siku ile bila kuambiwa amepewa nini," mzee alisema. "Sasa ameambiwa. Kula, binti. Na nikiona paka, nitakuona na wewe."

Jepchirchir akatia mdomoni. Akatafuna, akatafuna.

"Ni ngumu, Mzee."

"Tafuna tu. Mimi nimetafuna hasira tangu ulipokuja hapa, hukunisikia nikilalamika."

"Hatukukusikia!" Nafula alipiga kelele, na nyumba ikaangua kicheko mpaka vumbi la unga likapanda hewani.

Lakini kuhusu Ijumaa hakusema kitu. Walipomaliza alinawa mikono, akawashukuru kwa kuja, akafunga mlango. Awinja alirudisha viti vyake bila kujua kama alikuwa amefanya sherehe au matanga.

Asubuhi yake gari la Bravin lilikuwa limeegeshwa mbele ya bekari. Awinja alilipita akaingia kaunta. Wateja walikuja, wengi kuliko kawaida, kila mmoja akijifanya ana kiu ya chai. Gari liliondoka. Hakuna aliyejua limeondoka na nini.

Ndipo nyundo ikaanza.

Pigo la kwanza liliitikisa mizani, visahani vyake vikagongana. La pili lilimwaga vumbi kwenye sukari. Nafula alisema, "Ameanza." Willis alisimama. Mwenye tai mmoja akatoka mbio na kikombe cha watu. Awinja hakukimbia. Aliweka kiganja chake ukutani, pale pale ambapo mumewe alizoea kupokea sahani, akahisi kila pigo likimjia mkononi, na moyoni akauaga ukuta ule.

Tofali moja likasogea. Likasogea tena, likatoka, likamwangukia karibu na mguu. Akainua macho kuangalia mihimili. Mihimili ilikuwa imetulia. Akaangalia tofali. Likatoka la pili, la tatu, yote ya rangi moja, mapya, yale yale ya hasira, na hakuna hata moja la zamani lililoguswa.

Harufu ya mkate ilikuja kabla ya mtu. Kisha kwenye tundu kikatokea kichwa kizima cha Mzee Shikanga, nywele nyeupe kwa vumbi. Kilijaza kidirisha karibu chote. Wateja waliokaa karibu waliinama kukitazama.

"Nafula, hayo matofali usitupe," kichwa kilisema. "Ni mazuri. Nilichagua mwenyewe."

"Mzee," Awinja alisema, akainama mpaka kidirishani. "Na Bravin?"

"Nimempa mkate wa moto. Ameondoka anakula. Anasema atatafuta kona nyingine." Akakohoa vumbi. "Yule binti amenisomea alfajiri alichoandika. Baba yangu yuko mstari wa juu kabisa. Ndevu yuko chini yake. Nimemwambia Ndevu amwache hapo hapo, asimwondoe. Naye alikuwa jirani." Macho yake yakampita Awinja, yakazunguka meza hadi meza. "Ni wangapi hapo?"

Awinja aligeuka. Walikuwa wamesimama mpaka mlangoni, na kwenye ngazi wengine wameketi, ngazi inalalamika chini yao.

"Nyumba imejaa, Mzee."

"Waambie mkate unatoka." Sahani ya kwanza ilipita kidirishani, mvuke unapanda, na kichwa hakikuondoka. "Na uwaambie unatoka kwa nani."

Awinja akaipokea sahani kwa mikono miwili, akawageukia watu wake, akavuta pumzi ndefu, akawaambia.